Mikia kwa Ndani

Nilirudi mu muchezo juu ya kutafuta mutoto wangu, niyue kama alikufa ao iko muzima. Sikurudi kwa kufurahi. Bantu benye kuona nkambo, mwanamuke muzee kama mimi, na telefone karibu ya macho banachekaka, banasema buzee inarudi butoto. Bacheke. Meno ni yao.

Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka ya tatu kwa bamasela, basista ba missioni, kisha baba, mwenye alikuwa anatumika ku reli, akasema inatosha, mwanamuke ayue tu kuhesabu mafungu. Kutoka pale nilikuwa muuzaji wa samaki ya kukauka. Nilikuwa napanda mupaka Pweto, ku ziwa, nashuka na bitunga, nauzisha mu soko hapa Lubumbashi. Nilizala, bengine nikazika. Wa mwisho, mwanamuke, njo aliniingiza mu ile muchezo.

Aliolewa na mufanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, muntu wa kuokoka, mwenye kuuzisha kwa jumula, na malori yake. Akamupeleka kwao Goma. Mimi nikawa namupigia telefone kila saa: unakula? Bwana anarudi saa ngapi? Tumbo bado? Alichoka na mimi. Siku moya alikuya kutembea hapa Naviundu, akakamata telefone yangu, akafanya-fanya na kidole, akanirudishia.

"Mama, ukitaka kuniona, ingia humu. Humu utakuwa na kazi. Hautakuwa na nafasi ya kuniuliza tumbo."

Ni muchezo ya bantu bengi, kila muntu mu telefone yake, kila muntu anavaa mwili yenye anachagua, banaiita konti: mupiganaji, mulozi, mufundi, muuzaji. Munakutana mule ndani, munasemezana kwa kuandika, munapigana na nyama bakali, munauziana bintu. Mimi nilichagua mwanamuke muzee mwenye kupika dawa. Batoto banachaguaka kuwa bazuri. Mimi nilichagua kuwa vile niko. Na nikayua kazi. Jamaa yetu mule ilikuwa na bantu ya Kolwezi, ya Kisangani, hata ya Bujumbura, na bote balikuwa bananitetemeka. Mwenye alianguka mu vita juu ya kutonisikia, sikumupa dawa. Nilimuacha chini pale, asome. Baliniita Nkambo Mukali. Sikukatala.

Na mutoto wangu tulikuwa na fasi yetu ku mutoni, tunatandika mukeka, tunauzisha samaki. Mule ndani unaweza kuweka bintu vile unataka, moya moya, na kidole. Sisi tuliipanga vile tunapangaka bitunga ya Pweto: bichwa kwa inje, mikia kwa ndani, juu mukia ya samaki ya kukauka inavunjika haraka, na samaki bila mukia hakuna mwenye kununua. Mu muchezo mukia haivunjikake. Tulipanga vile tu. Mikono ilikuwa inayua.

Kisha vita ikafika kwao. Siku zenye muji ulianguka, telefone yake ikakufa, ya bwana ikakufa, ya majirani ikakufa. Nilikuwa naingia mu muchezo naangalia jina yake. Jina ya muntu mwenye iko ndani inawaka, ya mwenye haiko inakuwa ya majivu. Yake ilibakia majivu. Nikaangalia mupaka nikachukia ile rangi. Nikatosha muchezo mu telefone, nikaifuta, nikaanza kwenda Luano, ku ndege, kuangalia sura ya bantu benye kushuka. Benye kushuka balikuwa na mavalizi na manukato. Benye kukimbia vita habapandake ndege.

Mwenye alikuya ni bwana yake. Alipita kwa mayi, kwa barabara, kwa malori ya benyewe, akafika mwembamba, na kidole ya kufunga kitambaa. Peke yake.

Bukwe kwetu iko na heshima: mukwe hanitazame mu macho, hakule bukari, ule ugali wetu, mbele yangu. Alisimama mu parcelle, pale mbele ya nyumba yangu, akanigeuzia mugongo nusu, akasema na ukuta.

"Mama, tulikuwa bengi sana mu njia. Masasi ikaanza. Nilimushika mukono, mukono ikatoka."

"Ikatoka yenyewe, ao uliachilia?"

Akalia. Muntu akilia unashindwa kumuuliza tena. Bengi banayua ile.

Kaka yake mukubwa, mutoto wangu wa kwanza, akasema tufanye matanga. Mimi nikasema: maiti iko wapi? Akasema, mama, mu vita maiti haingoyewake. Akatandika bâche, ile turubai ya kivuli, akakodisha biti ya kukalia, bantu bakalala chini mu parcelle yangu, bamama bakaleta makala na kahawa, kikundi ya kuimba ikaimba mupaka sauti ikapasuka. Nami nikakaa ku mukeka, juu muntu hawezi kufukuza benye kukuletea kahawa. Mukwe alilia kushinda bote. Telefone yake ikawa inalia mu mufuko, anaizima, inalia, anaizima. Niliiona. Macho yangu bado inaona.

Hakukawia. Akarudi mu parcelle, akasimama tena na ukuta.

"Mama, samahani. Niko na neno."

"Sema na ukuta, mimi niko nasikia."

"Kule kwa jamaa ya muchumba wangu mupya banasema habawezi kunipa mutoto wao kama niko bado na mufu ku mugongo. Banataka kwanza munipake pemba."

Pemba ni ule udongo mweupe. Kwetu, mwenye kufiwa na bibi ao na bwana haolewe, haoe, mupaka jamaa ya mufu imupake, iseme mbele ya bantu kama imekamata mufu wake na imemufungulia. Kazi ile ni ya bashangazi. Bashangazi ya mutoto wangu balikwisha kufa bote, njo mukono ikawa yangu. Na nikipaka, njo mimi, mama, nimesema alikufa. Baada ya pale hakuna wa kumutafuta.

"Wewe si uliokoka?" nikamuuliza. "Unashikaka micro ku kanisa unalaani bintu ya bankambo."

"Mimi siamini, mama. Ni bao njo banaamini."

"Baambie mugongo yako ni ya malori. Imezoea muzigo."

"Mama, lakini..."

"Ngoya. Nitakuambia."

Alienda na haraka ya muntu mwenye kungoyewa.

Mimi nikakaa, nikafikiri. Kama mutoto iko na pumuzi, na iko na telefone, ataenda wapi? Kwa mama yake hapigi, juu kama angepiga ningeyua. Kwa bwana hapigi. Lakini ile muchezo ilikuwa nyumba yake mbele ya ndoa. Nikasema, wacha niende kuangalia kama ile jina ya majivu ilikwisha kuwaka.

Telefone ikakatala. Ikasema muchezo imekuwa kubwa, haina nafasi ya kuiweka. Nilitafuta kitu ya kufuta. Nikatosha mapicha ya matanga, yote, bâche na bantu na kahawa. Nafasi ikaenea.

Benye muchezo balikuwa baliigeuza yote. Nilifungua macho mule ndani, sikuyua fasi niko. Kijiji yetu haikuwa. Pale ku mutoni balijenga jumba ya vioo, na mutoni wenyewe baliufunika. Zamani tulikuwa tunatembea na miguu. Sasa bantu bako na mabawa, banapita yulu ya kichwa yako na moto ku mugongo. Majani yenye nilikuwa napikia dawa, hakuna. Jamaa yetu, hakuna. Fasi ya jina yetu kuliandikwa tu kama haiko tena. Jina ya mutoto wangu nikaitafuta. Haikukuwa ya kuwaka, haikukuwa ya majivu. Balikwisha kuifuta.

Nikaingia mu jumba. Batoto benye mabawa bakanizunguka.

"Eh! Angalia hii konti! Hii ni ya wakati ya nani?"

"Mama, unatoka mu kaburi gani?"

"Natafuta bauzaji ba samaki," nikaandika. Naandikaka polepole, na kidole moya.

"Samaki!" Bakaandika kucheka, mistari na mistari. "Nkambo, hapa hakuna mwenye kula samaki. Tunauziana mawe ya nguvu. Uko na mawe?"

"Sina."

"Uko na nini basi?"

"Niko na adabu. Nyinyi?"

Moya akanipiga. Zamani mu soko ilikatazwa kupiga muntu. Sasa inaruhusiwa, njo moya ya mageuzi yao. Nilikufa pale pale. Ukikufa mule unaamuka tena karibu, na mwenye kukuua anakamata kitu yako moya. Nikaamuka, bakaniua. Bakakamata fimbo yangu, bakakamata chungu ya dawa, bakakamata kanzu. Balikuwa bananingoya pale naamukia, sawa vile batoto banangoyaka panya pa tundu. Baliponiacha nilikuwa na nguo ya ndani, nkambo muzima, mu katikati ya jumba ya vioo.

Sikutoka. Nilitembea vile, na nguo ya ndani. Bacheke.

Nilizunguka kila fasi, siku na siku, saa umeme inarudi ku nyumba. Huku mukwe anatuma muntu kuuliza, pemba ni lini. Kaka yake naye ananisukuma: "Mama, unamufunga huyu bwana bure. Umuachilie." Mutoto wangu wa kwanza anapendaka mambo ikwishe. Tangu mudogo hakumalizake kulia kilio ya muntu, anaenda kulala.

Kisha nikapata, nyuma ya ukuta ya jumba, bamasikini ba ile muchezo. Bale habana pesa ya kulipia duka ya ndani, yenye inapanga bintu yenyewe. Bao banatandika chini. Mule kati kulikuwa mwanaume mukubwa, wa tumbo, wa ndevu mupaka kifua, na shoka ku bega. Sura ya muntu mwenye kutisha batoto. Mbele yake mukeka, na samaki.

Bichwa kwa inje. Mikia kwa ndani.

Nikakaa chini mbele yake. Nikaandika mabaya, nikafuta, nikaandika tena.

"Papa, nani alikufundisha kupanga samaki vile?"

Akajibu: "Mama, nunua ao pita."

"Mikia kwa ndani."

"Pita, mama. Unanifungia njia ya baclients."

"Client gani? Uko nyuma ya ukuta. Uko na haya wewe? Bantu balilala chini mu parcelle yangu juu yako, na wewe uko huku na ndevu, unauzisha samaki."

Wa ndevu akaweka shoka chini.

"Balifanya matanga?"

"Balifanya."

"Balikula nini?"

"Nyama ya ngombe. Kaka yako alinunua."

Mule ndani kuko alama ya kucheka: mwanaume anapiga tumbo, tumbo inaruka. Yule wa ndevu akapiga tumbo, akapiga, akapiga.

"Nyama ya ngombe! Nikiwa muzima hakuniletea hata paja ya kuku. Na bwana alilia?"

"Kushinda bote. Anasema alikushika mukono, ikatoka."

"Haikutoka. Nilimuuma. Kidole ya katikati, mupaka mufupa. Alikuwa ananivuta kupanda lori ya kurudia kwa mama yake. Masasi inalia, yeye ananitukana njiani kama mimi ni shamba ya chumvi, haioteshe kitu. Nikaona bantu ni bengi, nikasema, leo njo leo. Nikauma, nikaingia mu bantu."

"Na mimi? Haukuniambia juu ya nini? Mimi mama yako."

"Juu ungesema nirudi."

Kweli, ningesema arudi. Sioni haya kuiandika. Mwanamuke bila bwana na bila mutoto, mu vita, anaenda wapi? Nikamuandikia vile vile.

"Unaona?" akajibu. Ile tu.

Nikauliza iko wapi. Akasema, fasi. Nikauliza analala kwa nani. Akasema, kwa pa kulala. Nikamuambia habari ya pemba, kama bwana anataka kuoa, kama inangoya mukono yangu, na kama sasa nitamupigia kaka yake, jamaa yote iyue kama iko muzima, na yule bwana apate haya mbele ya kanisa yake.

"Hapana, mama. Umupake. Umupake mupaka ku masikio. Ukisema niko muzima, atanitafuta, atanidai kwa jamaa na ku mulango yako, na kaka atanirudisha na mikono yake juu ya kumaliza maneno. Mufu hatafutwake."

"Unataka nidanganye na pemba?"

"Nataka nikufe muzuri."

Akaendelea: "Na hii konti yako, uiue nayo. Bandugu badogo ba bwana bako humu. Banayua Nkambo Mukali. Bakikuona unakaa-kaa mbele ya muuzaji wa samaki, hata mujinga ataelewa."

"Hii konti niliijenga miaka."

"Mama. Mimi nilikufa na mwili yangu yote. Wewe ni konti tu."

Nilizima telefone. Siku ile sikula.

Tulifanya pemba mu parcelle, asubuhi, jamaa ya upande mbili bakikaa ku biti. Mukwe akapiga magoti. Kaka ya mutoto wangu akanishikia sahani ya udongo. Nikapaka paji ya uso, nikapaka kifua, kisha nikasema alete mikono. Akaleta ya kushoto.

"Na ile."

Akaleta ya kuume. Ku kidole ya katikati kulikuwa kovu, alama ya meno, yulu na chini, imekaa sawa sawa. Alikuwa amesema kwa bote ni waya ya senyenge. Nikaweka pemba pale, nikakandamiza na kidole gumba. Akashituka. Nikakandamiza tena.

"Mama," akasema pole sana, na kwa mara ya kwanza akaniangalia mu macho, "kweli alikufa?"

"Wewe njo uliniletea kifo yake. Sasa unaniuliza mimi?"

Akaangusha uso. Nikasema kwa sauti, bote basikie: "Muntu wetu tumemukamata. Hauna kitu kwetu, hatuna kitu kwako. Enda."

Bamama bakapiga bikelekele. Mwanamuke mupya alikuwa pale, nyuma ya shangazi yake, mutoto mudogo, wa kunona, anacheka na mikono ku kinywa. Alikuya kunisalimia, akapiga magoti muzuri, kushinda mutoto wangu. "Aksanti mama," anasema. Ningeweza kumuambia aangalie ile kidole. Nilikuwa na kinywa. Lakini kama angekataa, bale ba bwana bangeuliza juu ya nini, na maneno ingetembea, ingefika. Nikamuambia: "Uende muzuri, mama." Akaenda. Bantu banasemaka sasa anavaaka kitambaa mupaka hapa, ku shingo, hata saa ya joto, sawa mwenye kuficha alama. Sikuenda kuona.

Mangaribi ile nikaingia mu muchezo na konti yangu mara ya mwisho. Nikaomba kufuta. Ikaniuliza kama niko hakika. Nikasema ndiyo. Ikaniuliza tena, ikaniambia kila kitu nitapoteza, sawa vile mimi sikuyua. Nkambo Mukali akasimama pale na nguo yake ya ndani, kisha hakukuwa tena.

Nikafanya konti mupya. Nilichagua mwanaume kijana, wa sura ya bure. Wa kuanza banamupa shati ya kupasuka na kisu ya mbao. Nikatembea mupaka nyuma ya ukuta.

Wa ndevu alikuwa na bantu siku ile, bauzaji benzake, banasemezana. Nikasimama mbele ya mukeka. Sikuandika mutoto wangu, sikuandika jina. Niliandika tu nataka samaki moya.

"Uko na ngapi, kijana?"

Nikaonyesha pesa kidogo yenye banapeaka bageni.

"Eh! Huyu anatoka pori gani?" mwenzake akaandika. "Anafikiri huku ni missioni, banagawa bure?"

"Angalia kisu yake! Atakata nayo mukate!"

Bakacheka. Nikangoya yule wa ndevu anyamaze, ao ageuze maneno. Akapiga tumbo. Akacheka nabo, tumbo ikaruka, ikaruka, kicheko ndefu kushinda yao.

"Kijana," akaniandikia mbele ya bote, "toka pa mukeka yangu. Enda kwanza kukata kuni, ukipata yenye kutosha utarudi."

"Ndiyo, papa," nikaandika. Alisema nitarudi, nikaenda kukata kuni.